Sura ya 4: Umbali Haulipiwi

Katika OGame, mchezo wa mtandaoni uliozaliwa Ujerumani mwaka 2002, kila meli ya anga hunywa deuteri, mafuta ya mchezo huo. Mchezaji aliyekaa Kavimvira, mjini Uvira nchini Kongo, na simu mkononi, akitaka kutuma meli 100 ndogo za mizigo kwenye mfumo wa jirani, lazima apige hesabu kwanza: deuteri isipotosha, meli haziondoki.

Hesabu yenyewe, katika umbo lake la msingi, haina vitisho. Safari ya kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ndani ya galaksi ileile huanza na umbali wa 2,700, na kila mfumo huongeza 95. Jirani wa kwanza basi yuko umbali wa 2,795. Idadi ya meli huzidishwa kwa unywaji wa meli moja, ambao ni 10 kwa meli ndogo yenye injini ya mwanzo, kisha kwa umbali, halafu jibu hugawanywa kwa 35,000. Hapo inapatikana karibu 80. Ndipo kasi inapoingia. Mwendo kamili huhesabiwa kuwa 1 na nusu mwendo 0.5, juu yake huongezwa 1, na jumla hupigwa mraba. Mwendo kamili unatoa 4, nusu mwendo 2.25. Mwishoni huongezwa deuteri moja. Meli zile 100 zikikimbia kwa nguvu zote zitakunywa 320. Zikienda nusu mwendo, 181, ila safari ya saa 2 na dakika 18 itachukua saa 4 na dakika 36.

Mraba huo unakumbusha fizikia. Nishati ya mwendo kweli hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, nishati inakuwa mara nne. Kwenye umbali, hata hivyo, mchezo unaachana na anga halisi. Boti ya mota inayotoka Uvira kwenda Baraka huchoma esansi njia nzima kwa sababu maji yanaizuia muda wote. Mota ikizimwa, boti inapoteza mwendo na kusimama. OGame imejengwa kwa akili hiyo ya ziwani. Angani hakuna maji wala upepo wa kukizuia chombo. Voyager 1, kilichorushwa Septemba 5, 1977, bado kinakwenda kwa kasi ya kilomita 17 hivi kwa sekunde, bila injini yoyote kukisukuma mbele. Umbali wenyewe haulipiwi. Kinacholipiwa ni kubadilisha mwendo: kuondoka, kukata kona, kufunga breki.

Mfano mzuri uko juu ya vichwa vya watu wa Kavimvira. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka Dunia kikiwa kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, masafa mafupi kuliko urefu wa Ziwa Tanganyika, ambalo lina kilomita zipatazo 670. Kuinua kilo moja hadi kimo hicho kunahitaji megajuli 3.7 tu. Lakini kilo hiyo ikiachiwa pale juu itaanguka chini moja kwa moja. Ili ibaki kwenye mzingo, inatakiwa iende kando kwa kilomita 7.7 kwa sekunde, na mwendo huo peke yake unagharimu megajuli zaidi ya 29. Kimo, ambacho kila mtu hukifikiria kwanza, ni kama sehemu moja ya tisa ya bili yote.

Jumla, megajuli 33, ni takriban nishati iliyomo ndani ya lita moja ya esansi.

Lita moja kwa kila kilo! Basi kwa nini kwenda angani ni ghali kiasi hiki? Jibu lilitolewa na mwalimu wa shule wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, mwaka 1903. Roketi hujisukuma kwa kutupa nyuma gesi inayotokana na mafuta yake yenyewe, na mafuta ambayo bado hayajachomwa nayo ni mzigo wa kubebwa. Roketi inayotupa gesi kwa kilomita 3 kwa sekunde, ikihitaji jumla ya kilomita 9.4 kwa sekunde ili kufika kwenye mzingo (hapo hasara za hewa na mvutano zimeshahesabiwa), lazima iondoke na kilo 23 kwa kila kilo moja itakayofika. Ikitakiwa mwendo maradufu ya huo, 23 inapigwa mraba: kilo 529. Kwenye OGame meli iliyojaa na meli tupu hunywa sawa, na hilo ndilo pengo kubwa zaidi la kanuni yake. Roketi za kweli hazina nafuu hiyo: Uhuru, setilaiti ya Marekani iliyorushwa kutoka jukwaa la Italia la San Marco karibu na Malindi, Kenya, Desemba 12, 1970, ilikuwa na kilo 140 hivi. Roketi ya Scout iliyoibeba ilikuwa na zaidi ya tani 15.

Wataliano walipachagua Malindi kwa hesabu hizohizo. Karibu na ikweta, Dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa mita 464 kwa sekunde, na chombo kinachorushwa upande huo huondoka na mwendo ambao hakikuugharimia. Kwa roketi ya mfano wetu, zawadi hiyo inapunguza uzito wa kuondokea kwa kama asilimia 14. Kavimvira iko karibu na latitudo hiyohiyo na inapata msukumo uleule. Tofauti ni kwamba mashariki ya Malindi kuna Bahari ya Hindi, ambako hatua za roketi zilizokwisha mafuta zinaweza kuanguka; mashariki ya Kavimvira kuna Burundi na Tanzania, nchi zenye watu.

Hata hivyo roketi ziliwahi kujaribiwa Kongo. Mwaka 1975 mhandisi Mjerumani Lutz Kayser alianzisha kampuni ya OTRAG, kisha akapewa na serikali ya Rais Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi kaskazini mwa Shaba, Katanga ya zamani. Uwanja wa kurushia ulijengwa juu ya genge la mto Luvua. Kayser aliisoma bili ya Tsiolkovsky kwa namna yake: mafuta ni rahisi, chombo ndicho ghali, kwa hiyo chombo kirahisishwe. Roketi zake zilikuwa mabomba ya upana wa sentimita 27 yaliyofungwa pamoja, yakichoma mafuta ya kawaida kwa asidi ya nitriki. Hazikuwa na pampu. Hewa iliyoshindiliwa ndiyo iliyosukuma mafuta. Vali zilifunguliwa na mota za wipa za gari.

Roketi ya kwanza iliruka Mei 17, 1977, ikafika kimo cha kilomita 20 hivi. Ya pili, Mei 20, 1978, ilifika 30 hivi. Ya tatu, Juni 5, ilipotea njia mbele ya macho ya Mobutu. Kilo moja kwenye kimo cha kilomita 30 imelipiwa megajuli 0.3, chini ya sehemu moja ya mia ya zile 33. Kilichobaki kilikuwa karibu chote mwendo wa kando, na mpango wa Kayser ulikuwa kuupata kwa kufunga mamia ya mabomba pamoja. Mwaka 1979, baada ya shinikizo la mataifa mengine, Mobutu aliiondoa OTRAG nchini kabla mabomba hayo hayajafungwa.