Chumba cha wawili, wageni saba: Ukarimu au dhulma?



Ndugu msomaji, masika yanapoingia, watalii hupungua katika mwambao wetu na hoteli nyingi hushusha bei. Hapo familia zetu nazo hupata nafasi: wapo wanaokwenda harusini, wapo wanaotaka kuwapumzisha watoto. Chumba hukodiwa kwa jina la mume na mke. Usiku ukishaingia, hupita shangazi mapokezi, kisha binamu wawili na begi lao, kana kwamba wamekuja kusalimia tu. Alfajiri wanaamka humo watu saba.

Wenye kufanya hivyo hawajioni wadhalimu. Husema kuwa mgeni hafukuzwi, na kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa chakula cha wachache huwatosha walio wengi zaidi yao. Mafundisho hayo ni sahihi, yamo katika Bukhari na Muslim. Lakini mwenye kukirimu hapo ametoa sahani yake mwenyewe. Chumba cha hoteli si mali ya mpangaji. Alichokodi ni manufaa yake, kwa siku zilizotajwa na kwa idadi ya watu iliyotajwa. Anayemkirimu shangazi yake kwa maji, taulo na godoro la mtu mwingine, bila ya mwenyewe kujua, ametoa nini?

Wengine hudai kuwa chumba ni kile kile, walale wawili au saba. Wanasahau kuwa bei imepangwa kwa kukadiria matumizi ya wawili. Na liko la hatari zaidi: ukizuka moto usiku, wanaotafuta watu hutazama daftari la wageni. Binamu asiyeandikwa nani atajua kuwa yumo?

Suala la kuzidisha juu ya kilichokodiwa si geni kwa wanazuoni. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), amelieleza katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana katika darsa za mwambao huu. Mtu amekodi mnyama abebe mzigo wa vipimo mia, naye akampakia mia na kumi. Hukumu yake ni kwamba atalipa ujira unaolingana na ile ziada. Na mnyama akifa kwa sababu hiyo, ilhali mwenyewe hakuwapo, aliyekodi atadaiwa. Ikiwa kumi juu ya mia hazikusamehewa, tutasemaje kuhusu watano juu ya wawili?

Punguzo nalo halibadilishi kitu. Lililopungua ni bei, masharti yamebaki. Tena vyumba vya bei nafuu mara nyingi ndivyo vyenye masharti makali, fedha zikishalipwa hazirudi. Fikiria fedheha ya kugongewa mlango usiku wa manane, mama mzima akaambiwa afunge mizigo yake.

Njia ya halali wala si ngumu. Ulizeni kabla ya kulipa. Hoteli nyingi huruhusu mtoto mdogo alale na wazazi wake bure, au huongeza kitanda kwa malipo. Kule Makka vyumba vya mahujaji huuzwa waziwazi kwa hesabu ya vitanda, vya watu wawili, watatu au wanne, na kila mmoja hujua fungu lake. Meneja akisema hapana neno, basi ni haki yake ameisamehe. Mlinzi wa getini aliyetiliwa noti mkononi hana mamlaka hayo, na noti yenyewe ni rushwa.

Hata ruhusa ikipatikana, wazazi wakumbuke kuwa watoto waliofika miaka kumi tumeamrishwa kuwatenganisha malazi. Chumba kimoja, mabinti na wavulana wakubwa sakafuni, hakifai japo kingekuwa bure.

Na aliyekwisha lala na kuondoka bila kulipia ziada, namba ya simu ya hoteli imo kwenye risiti. Apige, aeleze walikuwa wangapi na kwa siku ngapi, aulize anadaiwa kiasi gani, akilipe.