Fahamu: Kwa nini mwajiri anataka uandike mwenyewe barua ya kuacha kazi?

Iwe bandarini Kalundu au ofisini katikati ya Uvira, mtu anaweza kuondolewa kazini bila kuambiwa "umefukuzwa". Anahamishwa mbali na familia, ananyang'anywa majukumu, mshahara unacheleweshwa makusudi. Mwisho anaambiwa: "Andika barua, uende kwa amani."

Amani hiyo ni ya kampuni. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri awe na sababu halali, na atoe notisi ya siku 14 za kazi, pamoja na 7 kwa kila mwaka kamili. Aliyetumika miaka 10 anastahili siku 84. Akiachishwa bila sababu halali, mahakama inaweza kuamuru arudishwe, au alipwe fidia hadi mishahara ya miezi 36. Ukijiuzulu, wewe ndiye unayedaiwa notisi.

Kuzuia mshahara wa mtu isivyo haki ni kosa kubwa la mwajiri. Kwa hiyo usitie sahihi kwa hasira. Tunza barua na karatasi za mshahara, mwone mjumbe wa sendika, kisha mkaguzi wa kazi: shauri huanzia kwake kabla ya mahakama.