Jibu la Kiini: Utangulizi wa Miito ya Mfumo

Programu ya kompyuta, hata iwe kubwa vipi, haiwezi kuandika herufi moja kwenye skrini kwa nguvu zake yenyewe. Haiwezi kufungua faili, kusoma kibodi wala kutuma ujumbe mtandaoni. Prosesa yenyewe inaikataza. Vyote hivyo vimo mikononi mwa kiini cha mfumo endeshi. Programu ikivihitaji hupeleka ombi, husimama, hungoja kujibiwa. Ombi hilo ndilo mwito wa mfumo. Linux ina miito zaidi ya mia tatu, na mtu anaweza kuandika programu miaka mingi bila kuita hata mmoja kwa mkono wake, maana Python, Java na nduguze humwitia.

Anayetaka kuingia katika taaluma hii ya miito ya mfumo asianze kwa kuandika. Aanze kwa kudukiza. Kwenye Linux kuna chombo kiitwacho strace, kinachonasa kila mwito unaopita kati ya programu na kiini. Iagize Python ichapishe neno "Habari" huku strace ikitazama, na katikati ya mamia ya mistari ya Python ikijiandaa utauona huu:

write(1, "Habari\n", 7) = 7

Hapa pana karibu kila kitu. Jina write ni la kutufaa sisi binadamu. Kiini hupokea namba tu. Kwenye prosesa za Intel na AMD za biti 64 namba hiyo ni 1, kwenye zile za biti 32 ni 4, na kwenye ARM ya biti 64 ni 64. Ile 1 ndani ya mabano ni njia ya kutolea iliyokwisha kufunguliwa, kwa desturi skrini. Kisha huja maandishi, ila kiini hakipewi maandishi: kinapewa anwani ya mahali yalipo kwenye kumbukumbu, na idadi ya baiti. Zimekuwa saba kwa sababu alama ya mstari mpya nayo inahesabiwa. Kiini hakijui herufi. Ukiandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama walivyoandika washairi wa Lamu na Pate, kila herufi itakula baiti mbili katika UTF-8, na programu inayohesabu herufi badala ya baiti itaukata utenzi nusu.

Ile "= 7" ya mwisho ndiyo jibu. Kwa maoni yangu, taaluma nzima imo humo. Kuita ni jambo dogo: unaweka namba ya mwito kwenye rejista moja, vitu visivyozidi sita kwenye rejista nyingine, unatoa amri moja ya prosesa. Kazi ngumu ya mtunga lugha ni kuamua atafanya nini na kinachorudi.

Chukua write hiyo hiyo. Ina ruhusa ya kuandika pungufu. Ipe baiti milioni moja za kupeleka kwenye soketi, nayo inaweza kujibu laki mbili; hilo si kosa, na zilizobaki ni juu yako. Kukiwa na kosa la kweli, kiini cha Linux hurudisha namba kati ya -4095 na -1. Maktaba ya C huigeuza kuwa -1 tupu na kuiweka sababu pembeni, mahali paitwapo errno, ambapo msahaulifu hapatazami kamwe. Python huipandisha iwe kosa linaloisimamisha programu usipolishughulikia. Go hukukabidhi thamani mbili, tokeo na kosa, ujichagulie. Mimi napendelea njia ya Python, kwa sababu kosa lililonyamaza hugharimu zaidi kuliko programu iliyosimama.

Jibu lililosumbua watu kuliko yote ni EINTR. Programu imesimama ikingoja kusoma kibodi. Inafika ishara ambayo programu imejiandaa kuipokea, pengine mtumiaji amebadilisha ukubwa wa dirisha. Kiini kinaweza kuuacha mwito ule njiani na kujibu kwamba umekatizwa, basi. Richard Gabriel, mtaalamu wa lugha ya Lisp, katika makala yake ya 1991 anasimulia mabishano juu ya jambo hili kati ya mtu wa MIT na mtu wa Berkeley aliyeshughulikia Unix. Wa MIT alitaka mfumo wenyewe ujirekebishe na kuendelea pale ulipoachia. Wa Berkeley alitaka kiini kibaki chepesi, na programu ijaribu tena yenyewe. Njia ya pili ndiyo iliyoenea, na mzigo ule wakabebeshwa waandishi wa programu kwa miongo kadhaa. Python iliwatua mzigo huo katika toleo la 3.5, mwaka 2015: tangu hapo lugha yenyewe hurudia mwito uliokatizwa.

Isipokuwa close, mwito wa kufunga faili. Kwenye Linux, close ikijibu EINTR, namba ya faili, kama ile 1 ya write, imekwisha kuachiwa. Ukirudia, huenda ukafunga faili ambalo uzi mwingine wa programu umelifungua sekunde hiyo hiyo na kupewa namba ile ile. Kosa la aina hii hulipati kwa kusoma msimbo wako mara kumi. Unalipata kwa kusoma mwongozo wa mwito, sehemu ya pili ya kurasa za man, hadi mistari ya mwisho.

Ukiwa tayari kuita mwenyewe, ctypes ya Python inatosha. Anza na getpid, isiyohitaji chochote na isiyokosea. Ukifika mmap, inayorudisha anwani ya kumbukumbu, itangaze aina ya jibu. Ctypes isipoambiwa hudhani jibu ni namba ya biti 32, na anwani ya biti 64 hukatwa kimya kimya.

Swali la kama uite kiini moja kwa moja au upitie maktaba hutegemea mahali. Linux huahidi kutobadilisha namba zake, na Go huziita bila maktaba ya C. Apple haitoi ahadi hiyo. Ndiyo maana Go 1.11, mwaka 2018, ilianza kupitia maktaba ya macOS.

Na sasa hata kungoja kumebadilika. Kuvuka kwenda kwenye kiini kuna gharama, na marekebisho ya kasoro ya Meltdown, mwaka 2018, yaliiongeza. Katika io_uring ya Jens Axboe, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019, programu hupanga maombi kwenye foleni iliyo katika kumbukumbu inayoitumia pamoja na kiini, kisha huendelea na shughuli zake. Majibu hurudi kwenye foleni nyingine, si lazima kwa mpangilio wa maombi. Lugha kama Java, ambazo huhamishahamisha vitu kwenye kumbukumbu, hulazimika kuhakikisha kwamba kilichokabidhiwa kiini hakiguswi hadi jibu lifike. Na ili jibu lijulikane ni la nani, kila ombi hubeba namba ya biti 64 ambayo kiini hakiitafsiri. Huirudisha kama kilivyoipokea.