Ukweli katika Kielelezo Kidogo: Uundaji wa Ndege ya Messerschmitt Bf 109

Utangulizi

Kuunda vielelezo vya ndege za vita ni shughuli ambayo wengi huihesabu kuwa mchezo wa watoto. Hata hivyo, kielelezo bora huanzia katika utafiti, na muundaji wake hulazimika kutetea kila rangi na kila alama aliyoiweka. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kielelezo cha ndege ya Kijerumani, Messerschmitt Bf 109, kinavyoundwa, na kuonyesha kwamba swali la ukweli humfuata muundaji tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Ndege hii iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1935, na zaidi ya 30,000 ziliundwa.

Maana ya Kipimo

Vielelezo vya plastiki aghalabu huundwa kwa kipimo cha 1:72, 1:48 au 1:32. Kipimo cha 1:48 kina maana kwamba sentimita moja ya kielelezo inawakilisha sentimita 48 za ndege halisi. Bf 109 ya aina ya G ilikuwa na upana wa mita 9.92 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine. Kielelezo chake basi huwa na takriban sentimita 20.7. Ufa wa nusu milimita ukiachwa kwenye maungio, ni sawa na mwanya wa milimita 24 katika ndege halisi. Ndiyo sababu maungio hujazwa na kusuguliwa kwa msasa, nayo rangi hupulizwa kwa matabaka membamba sana.

Kuteua Ndege Moja

Muundaji makini haundi Bf 109 kwa jumla. Huteua ndege moja, mahali pamoja na wakati mmoja. Tuchukue mfano wa ndege ya aina ya G-2 iliyokuwa na namba 6 nyeusi ubavuni. Ndege hii ilitekwa huko Gambut, Libya, mwezi Novemba 1942. Baadaye ilikarabatiwa nchini Uingereza, ikaruka tena mwaka 1991, kisha ikapinduka ilipokuwa ikitua mwaka 1997. Sasa imo katika mkusanyiko wa makavazi ya jeshi la anga la Uingereza.

Hapa ndipo penye mtego. Aina ya G-6 ina nundu mbili juu ya pua, zilizotokana na bunduki kubwa zaidi za milimita 13. G-2 haikuwa nazo. Anayetia namba 6 nyeusi kwenye kielelezo cha G-6 huwa ameunda ndege ambayo haikuwahi kuwako. Hali kadhalika, ndege ya jangwani ilikuwa na kichujio cha vumbi kwenye tundu la kuingizia hewa. Hicho nacho hakiwezi kusahaulika.

Hatua za Uundaji

Kazi huanza na chumba cha rubani, kwa kuwa nusu mbili za kiwiliwili zikishagundishwa, mkono hauwezi tena kufika ndani. Kiti, mikanda na saa za vipimo hupakwa rangi mapema. Baada ya hapo mabawa huunganishwa. Miguu ya magurudumu huhitaji uangalifu wa pekee: katika ndege halisi ilishikizwa kwenye kiwiliwili, ikatanuka kuelekea nje, na magurudumu yakakaribiana. Muundo huo uliwasumbua marubani wengi wakati wa kupaa na kutua. Kielelezo ambacho miguu yake imesimama wima kimepoteza sifa hii.

Rangi hufuata: bluu hafifu chini, na rangi ya mchanga juu. Picha za zamani zisizo na rangi zinaweza kupotosha, hivyo muundaji huzilinganisha na kumbukumbu nyingine. Mwisho hubandikwa alama kwa vibandiko vinavyolowekwa majini: misalaba ya mabawani na ubavuni, namba, na swastika ya mkiani.

Suala la Swastika

Kifungu cha 86a cha sheria ya adhabu ya Ujerumani kinakataza kuonyesha nembo hiyo hadharani, isipokuwa kwa shughuli kama vile elimu, utafiti na sanaa. Kwa sababu hiyo, seti nyingi huuzwa bila kibandiko hicho. Je, muundaji aliye kwingineko akiweke? Akikiweka bila maelezo, nembo ya mauaji hugeuka pambo. Akikiacha bila maelezo, ndege ya utawala wa Kinazi hugeuka chombo kisicho na mwenyewe. Ikumbukwe kwamba kuanzia mwaka 1943 wafungwa wa kambi ya mateso ya Flossenbürg walitumikishwa kutengeneza sehemu za Bf 109. Jambo hilo haliwezi kupakwa rangi wala kubandikwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba usahihi wa kielelezo una pande mbili: usahihi wa umbo na usahihi wa historia. Wa kwanza hutimizwa kwa kisu, msasa na gundi. Wa pili huhitaji maneno. Kwa maoni yetu, kila kielelezo cha aina hii kiwekwe pamoja na kadi inayotaja ndege, mwaka, mahali, waliomiliki ndege hiyo na waliolazimishwa kuunda ndege za aina yake. Mtazamaji akishaisoma kadi hiyo, ndipo aendelee kustaajabia ustadi wa mikono.