Kinachombakiza kijana kwenye mafunzo ya uongozi

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo kule Migori, au cha Tom Mboya kule Homa Bay, akijiandikisha kwa mafunzo ya uongozi, wengi hudhani anafuata cheti na posho. Kufuata cheti si aibu. Waajiri wanadai tajriba kwa kijana ambaye hajawahi kuajiriwa, na mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo anangoja kuona matunda. Ila cheti humfikisha mtu ukumbini tu. Kurudi wiki ya tano kunataka sababu nyingine.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Deci alieleza jaribio alilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Aliwapa vipande vya kupanga maumbo. Kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo lililokamilika, jingine halikulipwa chochote. Malipo yalipokoma, hamu ya waliokuwa wamelipwa ya kuvigusa vipande vile wakati wa mapumziko ilipungua. Baadaye Deci na mwenzake Richard Ryan walitaja mahitaji matatu yanayomsukuma mtu kutoka ndani: kujiamulia, kujiona anaweza, na kuwa na watu anaowaona ni wake. Hii haimaanishi nauli isilipwe. Ilipwe, na chakula kipikwe. Mwenye njaa hajifunzi.

Mtazame Tom Mboya mwenyewe, ambaye chuo kile cha Homa Bay kina jina lake. Alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi alipoanza kuwaunganisha wafanyakazi wenzake. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini Kenya. Ni mwaka 1955 ndipo alipokwenda kusoma Ruskin College, Oxford, na aliingia darasani na maswali yaliyotoka kazini. Mwaka 1959, safari ya ndege aliyoisimamia ikawapeleka wanafunzi 81 Marekani.

Mafunzo yetu mengi hupindua mpangilio huo: semina huja kwanza, wajibu huenda usije kabisa. Mimi ningemkabidhi mwanafunzi jambo linaloharibika akizembea, kama vile vitabu vya hesabu vya kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufuo Mbita, au orodha ya madai ya wakulima wa miwa Awendo. Wafanye kazi wawili wawili, wajipangie ratiba wenyewe, na muhula ukiisha wawasomee ripoti wavuvi na wakulima hao, kabla mkufunzi hajaiona.