Moyo wa Mtoto wa Nakivale

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yalianzishwa mwaka 1958. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia. Panapokusanyika mataifa mengi hivyo, hata tofauti za magonjwa ya moyo huelezwa kwa haraka: ni damu yao. Tuupime usemi huo kwa ugonjwa mmoja, ule utokanao na homa ya baridi yabisi.

Ugonjwa huo huanzia kooni. Bakteria aina ya streptokokasi humwambukiza mtoto. Kinga ya mwili huwashambulia, na kwa watoto wachache hukosea shabaha na kuumiza vali za moyo, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi ilikotoka. Maambukizi yakirudiarudia, vali hupata makovu. Urithi una sehemu yake hapa, kwa kuwa makoo mengi hupona bila kuugusa moyo. Ila urithi hauamui mtoto ataambukizwa mara ngapi.

Msongamano ndio huamua. Watoto watano wakilala chumba kimoja, koo la mmoja huwa la wote.

Kisha kuna tiba. Penisilini ikitolewa mapema huuzuia mwendo wote huo, lakini mama lazima aeleweke katika kituo cha afya. Mkongomani huenda akajieleza kwa Kiswahili. Msomali asiyekijua humsubiri mkalimani. Kabila limeingia hapa, ila kwa mlango wa lugha.

Aliyekwisha kuugua huhitaji sindano ya dawa hiyo kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Mtoto wa Makenke, katika mji wa Mbarara, anaishi karibu na hospitali ya rufaa ya mji huo. Wa Nakivale hutafutiwa nauli kwanza. Julai 2023 mgao wa chakula cha wakimbizi ulipangwa upya: wenye shida zaidi wapate asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati 30, wengine wasipate kitu. Nauli na unga vikagombea mfuko mmoja. Upasuaji wa vali wenyewe uko Kampala.

Kipimo cha hoja kipo. Ulaya na Marekani ugonjwa huu ulikuwa wa mitaa ya maskini, nao ulianza kupungua kabla ya penisilini, makazi yalipoboreka. Watu walikuwa walewale, kwa damu ileile. Australia bado unawaandama wenyeji asilia, wengi wao wakiishi kwa kubanana.

Kwa hiyo safu ya kabila katika daftari la kituo, ikisimama peke yake, inapotosha. Pembeni yake iandikwe idadi ya wanaolala chumba kimoja.