Tusiseme kompyuta imekataa

Kuna kauli moja ambayo imeenea mno katika ofisi na madarasa yetu, nayo ni hii: "Kompyuta imekataa." Mwananchi hupanga foleni tangu alfajiri akitafuta cheti, na akifika dirishani huambiwa mtambo umekataa, arudi kesho. Naye huondoka bila swali, maana huyo aliyekataa hana uso wala jina.

Mimi ninayefundisha isimu, na kujidai kwamba huyapima maneno kabla ya kuyatamka, niliitumia kauli hiyo hiyo kwa wiki mbili nzima. Jambo lenyewe msomaji ataliona dogo: picha ya usuli, yaani ile inayotandazwa nyuma ya kila kitu kwenye skrini.

Nilikuwa nimegundua darasani kwamba wengi wa wanafunzi wangu huuita upawa "kijiko", na kifumbu hawakijui kabisa. Basi nikavipiga picha vyombo vya jikoni: mbuzi, kifumbu, upawa, kata, kinu na ungo, kila kimoja na jina lake chini. Nikataka picha hizo zibadilike zenyewe kila baada ya dakika 30, ili kila aingiaye ofisini mwangu ajifunze bila kuhubiriwa.

Kompyuta yangu hutumia Linux, na eneokazi lake huitwa GNOME. Yapo maeneokazi mengine ya Linux, mathalani Plasma na Xfce, ambayo yana chaguo la kuzungusha picha ndani ya mipangilio yake. Katika GNOME, dirisha la kawaida la mipangilio lina mahali pa kuchagua picha, si pa kuamuru folda nzima izungushwe. Kwa hiyo niliandika skripti fupi ya kuchagua picha moja kwa bahati nasibu na kuikabidhi kwa amri iitwayo gsettings. Nilipoiendesha kwa mkono wangu, picha ilibadilika papo hapo. Nikafurahi, nikaikabidhi skripti kwa cron, programu kongwe ambayo kazi yake ni kutekeleza amri kwa saa zilizopangwa. Nusu saa ikapita, kisha siku, kisha wiki. Kinu kilibaki pale pale. Nikatangaza kwamba imekataa.

Hebu tukitazame kitenzi hiki. Kukataa kunahitaji mtu aliyesikia, akaelewa, kisha akachagua kutotii. Ni kweli kwamba Kiswahili hukipanua: husemwa kwamba mlango umekataa kufunguka, au gari limekataa kuwaka. Tamathali hiyo haina ubaya wowote, ila inapogeuka kuwa jawabu. Ukishasema kitu kimekataa, umefunga uchunguzi kabla haujaanza.

Siku nilipoiacha kauli hiyo ndipo nilipofikiria kuagiza maneno yote ya skripti yaandikwe katika faili. Kumbe cron ilikuwa imetii kila baada ya nusu saa, usiku na mchana, na kila mara lalamiko lilikuwa limetolewa! Desturi ya cron ni kutuma malalamiko kwa njia ya barua za ndani ya mashine, nami sikuwa nimeweka programu ya kuzipokea.

Lalamiko lenyewe lilikuwa hili: amri haikuwa na njia ya kufika. Katika GNOME, programu huzungumza kupitia njia iitwayo D-Bus, na kila kikao cha mtumiaji kina njia yake yenye anwani yake. Nikiandika amri mwenyewe nikiwa ndani ya kikao, anwani hiyo inajulikana. Lakini cron haiishi ndani ya kikao changu. Huanza kazi mashine inapowaka, na huzipa amri zake taarifa chache mno. Ni kama mtu aokote njiani kikaratasi kilichoandikwa "Lete kile hapa". Sarufi haina kasoro, ila "kile" ni kipi, na "hapa" ni wapi? Tangu miaka mingi nafundisha kwamba viashiria havina maana nje ya muktadha wake, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa nikimpelekea mtumishi wangu kikaratasi cha namna hiyo mara 48 kwa siku.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuitaja anwani ndani ya skripti, katika kigezo kiitwacho DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS. Ya pili ni kuachana na cron na kutumia kipima muda cha systemd cha mtumiaji, ambacho huijua anwani hiyo. Nilichagua ya pili, na upawa ukatokea.

Jioni nilipohamia mtindo wa giza ili kupumzisha macho, picha zilikwama tena. Ulimi ukataka kusema imekataa, nikauzuia. Tangu toleo la 42 la mwaka 2022, GNOME hutunza picha mbili: moja ya mtindo wa mwanga, picture-uri, na nyingine ya mtindo wa giza, picture-uri-dark. Mimi nilikuwa nikiitaja moja tu. Mstari mmoja ulitosha.

Wahenga walinena kwamba mbaazi akikosa maua husingizia jua. Badala ya "imekataa", tungeweza kusema "amri haikufika", "anwani haikutajwa", au "nilitaja moja, kumbe ziko mbili". Kila moja ya kauli hizi inaonyesha mahali pa kutazama na mtu wa kutenda. Mwanafunzi asemaye "imekataa" hukunja mikono akangoja. Asemaye "haikufika" hana budi kuuliza imekwama wapi.

Ofisini kwangu kilichopotea ni wiki mbili na picha ya kinu. Kule dirishani hupotea nauli, kibarua cha siku nzima, pengine nafasi ya mtoto shuleni. Kwa hiyo, msomaji, utakapoambiwa tena kwamba mtambo umekataa, usiondoke hivi hivi. Uliza kwa adabu: je, mtandao umekatika, au jina langu liliandikwa vibaya? Nani anayeshughulikia, na lini? Mtambo haukatai. Yupo mtu anayepaswa kujibu.